Nataka kumpeleka mzee wangu akavue bahari kuu Malindi Disemba, nipeni mwanga kabla sijaliwa pesa

Nax_Kijana
Wasee habari zenu, hasa watu wa pwani maana nyinyi ndo nawatafuta. Mzee wangu amestaafu mwaka huu, ana miaka 66, maisha yake yote amevua tilapia Naivasha na tangu niwe mtoto nimemsikia akisema siku moja lazima avue yule samaki wa baharini mwenye upanga mdomoni. Sasa nimeweka weka pesa, tunashuka Malindi wiki ya tatu ya Disemba, tuko wanne, mimi, mzee, bro yangu na kijana wangu wa miaka 11. Nimepiga simu sehemu tatu. Wa kwanza amenitajia elfu themanini siku nzima, wa pili elfu hamsini na tano nusu siku, halafu kuna jamaa wa ufuoni nilipewa namba yake anasema elfu kumi na mbili tu na chakula juu yake. Hizo bei zimenichanganya kabisa. Siku nzima ama nusu? Mtoto anaruhusiwa? Na tukipata samaki mkubwa tunambeba aje mpaka Nakuru, nilikuwa nafikiria kununua kuulaboksi ile kubwa ya barafu.

Kasuku_wa_Kilifi
Samaki bado yuko baharini anaogelea na wanawe wewe ushamkatia tikiti ya kwenda Nakuru 😂😂

Baharia_Mstaafu
Karibu Malindi ndugu. Mie nimefanya kazi kwenye boti za kuvulia miaka kumi na minne, nilianza kwa kufunga chambo nikamalizia kwenye usukani, saa hizi nina duka langu nimepumzika na chumvi. N'kwambie, umeuliza bei ukasahau kuuliza upepo, na bahari ni upepo. Kuanzia mwisho wa Aprili mpaka kama Julai kusi, upepo wa kusini, ikishika huku boti za maana hazitoki, wenyewe wanazipandisha juu wanazipiga rangi. Agosti zinaanza kurudi majini, hapo ni wakati wa jodari mpaka Oktoba hivi. Kusi ikifa kunakuja matlai, upepo mwepesi wa katikati ya misimu, siku chache bahari inalala kama mafuta kwenye sufuria. Halafu kaskazi, upepo wa kaskazini, inaingia na sulisuli, huyo huyo wa mzee mwenye upanga mdomoni, wanakuja kwa wingi mbele ya Malindi, Novemba Disemba Januari ndo wenyewe. Yule mkubwa zaidi, nduwaro, ni Januari kwenda Machi. Kwa hivyo wiki uliyoichagua umepatia, ijapokuwa naona umepatia kwa bahati tu.

Na usishtuke ukifika ukaona maji yana rangi ya chai ya maziwa. Huo ni mto Sabaki, ndio ule ule mnaouita Athi huko juu, unatushushia udongo wa bara wote. Watalii wanalalamika lakini mvuvi aupenda, kwa sababu pale maji ya udongo yanapokutana na maji ya buluu kunakuwa na mstari kabisa, wauona kwa macho kama mtu kachora, dagaa wanajificha upande wa maji machafu na sulisuli anatembea kando kando yake kuwangojea. Nahodha anayejua kazi huufuata mstari ule kutwa. Akikupeleka moja kwa moja mbali bila kuutafuta ujue anakuchomea mafuta yako.

Nax_Kijana
Asante sana kaka, hii sijaipata mahali popote. Sasa huyo wa elfu kumi na mbili ni tapeli?

Baharia_Mstaafu
Si lazima awe tapeli. Huyo ana mashua ya kuzungusha watu matumbawe, atakupeleka karibu karibu mvue changu na tewa kwa mshipi wa mkono, na ukweli mtafurahi tu. Lakini sulisuli hutamwona hata kwa picha. Boti ya bahari kuu ina injini mbili, ina rodi na rili zake, ina watu watatu wa kazi, na kutwa nzima inaburura mishipi haizimi, pesa yako kubwa ni mafuta hayo. Bei ikiwa chini mno jiulize nani analipia mafuta.

Ila muulize mtavua wapi. Akisema kule upande wa Casuarina, kimbia. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 1968, ndoana hata moja hairuhusiwi, na KWS, askari wa wanyamapori, wakiwakuta mwenye mashua atajifanya haelewi Kiswahili mkabaki nyie kujieleza.

Ciku_wa_Thika
Mimi niseme yangu ndio usilie kama mimi. Mwaka juzi tulienda wasichana sita, kuna kijana alitukuta bichi anaongea Kiitaliano Kijerumani Kikikuyu kote anajua, akatuonyesha picha za boti safi sana kwa simu, tukamtumia depoziti elfu kumi na tano kwa namba yake binafsi. Asubuhi saa kumi na moja na nusu tuko ufuoni na kofia zetu, boti iliyokuja ni ingine kabisa, injini moja imefungwa na kamba, laifjaketi tatu kwa watu tisa. Tukakataa kupanda. Akasema basi nyinyi ndio mmevunja makubaliano. Hiyo pesa niliiaga siku hiyo, na bahari nikaiangalia kutoka juu ya mchanga mpaka jioni.

mwana_wa_Shella
Pole bibie. Nasi wenyeji twawajua hao na twaona haya kwa niaba yao. Ndugu wa Nakuru, nenda ukaione boti jana yake, kwa macho yako. Mfike mapema siku moja, jioni shukeni pale boti zinapotia nanga, muombe kuvushwa mkaione, mwenye boti nzuri hakatai maana aringia nayo. Hesabu laifjaketi na uitishe ya mtoto, si ile ya mtu mzima utamfunga mwanao kama gunia ikizama maji yeye achomoka chini. Muambie awashe redio uisikie. Uliza karatasi ya ukaguzi ya Kenya Maritime Authority, na leseni ya kuvua kwa mchezo imo ndani ya bei ama mtaambiwa mlipe mkishafika. Pesa tuma nusu, nusu mkirudi. Asiyetaka hivyo mwache na boti yake.

Na mimi nasema nusu siku. Watu wa bara hamjazoea, masaa manane juani mtu wa miaka 66 na mtoto, kutwa nzima ni ya wale wanaotaka kwenda mbali kwenye mabenki, ile miinuko ya chini ya bahari, kutafuta nduwaro. Sulisuli yuko karibu msimu wake. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi mrudi saa sita, mle mlale.

Baharia_Mstaafu
Hapo nakubaliana na dada. Nimeona wengi wanalipa kutwa nzima saa tano wanamwomba nahodha kwa machozi awarudishe, na pesa hairudi.

Amu_Halisi
Mwawahangaisha wageni na Malindi yenu ya maji ya chai. Ndoo Amu wewe, yaani njoo Lamu! Huku wachukua dau na nahodha wake, mwaondoka Shela asubuhi, mwavua taratibu kwa mshipi wa mkono, samaki aliwa pale pale Manda juu ya makaa na wali wa nazi, mzee atapumzika roho. Hakuna injini wala moshi.

Kasuku_wa_Kilifi
Na ukitaka kwenda Amu kutoka Malindi ni Garsen, Witu, Mokowe, halafu boti tena. Mzee atafika amesahau alikuwa anaenda kuvua nini.

Amu_Halisi
Raha haina haraka.

mwana_wa_Shella
Ya Amu ni tamu wallahi siwezi kusema uongo, lakini baba yake mtu ataka samaki mwenye upanga. Usimbadilishie mtu ndoto yake kwa sababu mwataka wageni.

Nax_Kijana
Hehe msipigane. Amu tutakuja mwaka mwingine inshallah. Swali ingine, bro yangu huwa anatapika hata kwa matatu ya Limuru. Kuna dawa?

Nesi_Halima
Ipo. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha safari, ameze kimoja usiku kabla ya kulala na kingine saa moja kabla ya kupanda boti. Akingoja mpaka bahari ishamlevya ndo ameze, atakitapika hicho kidonge kikiwa kizima. Vinaleta usingizi kwa hivyo asiendeshe gari. Mzee kama anatumia dawa za presha ama sukari aulize kwa daktari wake kwanza, usimpe tu kwa sababu wewe umekunywa. Mtoto naye ana kipimo chake.

Msiende njaa, hilo ndo kosa kubwa, watu wanafikiri tumbo tupu halina cha kutapika. Kuleni kitu kikavu, mkate, biskuti, viazi vya kuchemsha. Mahamri yenye mafuta na mbaazi za nazi yaacheni ya kurudi. Tangawizi mbichi ya kutafuna inasaidia watu wengine. Na akianza kusikia mate yanajaa mdomoni asiinamie simu, asiingie chumbani, akae nyuma panapopata upepo aangalie ukingo wa bahari na mbingu.

Baharia_Mstaafu
Akae nyuma lakini mbali na moshi wa injini. Dizeli na mawimbi vikikutana hata mie nimewahi.

Mtanga_Original
Nawasoma kutoka Tanga huku nacheka, samaki mmoja majina mia. Huku wengine wanamwita samsuli, wengine mbasi, nyie sulisuli. Nahodha akitaja jina muombe akuonyeshe picha.

Nax_Kijana
Haya, karibu nibuki ile ya nusu siku. Lakini jamaa wa boti ameniambia kitu leo kwa simu nimeshangaa sana. Nimemuuliza tukipata samaki wanatukatia na kutupakia? Akaniambia "samaki ni wa boti". Yaani nalipa elfu hamsini na tano, navua mimi, mkono unaniuma mimi, halafu samaki ni wake?? Hii si wizi?

Ciku_wa_Thika
Haiya! Mimi ningemkatia simu.

Kasuku_wa_Kilifi
Kuulaboksi inauzwa bei gani ndugu 😂

Baharia_Mstaafu
Sasa hapa tulieni niwaeleze maana kila mwaka nasikia kelele hii. Hiyo ni desturi ya boti nyingi huku pwani yetu tangu zamani za Wazungu, wale walikuwa wakija kuvua kwa mchezo, wanataka kupigana na samaki na kupiga picha, hotelini kwao hawana hata sufuria. Kwa hivyo samaki akabaki kwa boti, anauzwa, na pesa ile inapunguza mafuta na inawapa vijana wa kazi chochote, maana mshahara wao unajua ulivyo. Siku isiyo na samaki vijana wanarudi na bahashishi yako tu, kama umewapa. Ukitaka samaki wote wawe wako, sema mwanzo, utaongezewa bei, si dhambi wala si wizi.

Lakini kuna kitoweo. Muombe kitoweo. Hakuna nahodha wa pwani atakataa kukupa kitoweo, ukimwambia "kapteni tukijaliwa tunaomba kitoweo cha mzee" atakukatia kipande na atakuchagulia kizuri. Ukimwambia "samaki wangu" atakusomea masharti. Mambo ni kauli tu.

Sulisuli mwenyewe hamumli. Boti nyingi zinamtia alama, kijiti kidogo chenye namba hapa mgongoni, wanaandika urefu na mahali, wanamwachia. Akivuliwa tena hata nchi nyingine namba inarudi inajulikana alikotoka na alikofika. Mzee atapata picha, na kuna boti hupandisha bendera kwa kila mmoja aliyeachiwa, mkirudi bandarini watu wote wanaona.

Ciku_wa_Thika
Bado naona si haki. Ng'ombe nimemkamua mimi maziwa yako.

mwana_wa_Shella
Ng'ombe si wako dada, umekodi ndoo 😅 Na huyo sulisuli hata nyama yake si ya kufa mtu, huku nguru na kolekole ndo samaki. Mwacheni aende zake.

Amu_Halisi
Amu samaki ni wako na mwiba wake.

Baharia_Mstaafu
Na jambo la mwisho kabla hujatuma pesa. Pangeni zamu mkiwa bado nchi kavu. Rodi ziko tano sita zote zinaburuzwa pamoja, samaki akigonga moja ni sekunde, na hapo ndo nimeona ndugu wa tumbo moja wakisukumana. Nani wa kwanza, nani wa pili, mmoja akivutwa zamu yake imekwisha, apate akose. Na angalia mwezi pia, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama, maji yakipwa yanakwenda mbali sana, mtatembea kwenye tope mkitafuta kidau cha kuwavusha. Uliza nahodha maji siku hiyo yanajaa saa ngapi. Ijumaa wengine hawatoki, ama wanataka wawahi swala, usiwabane.

Nax_Kijana
Nimebuki. Jumatano, nusu siku, nimetuma nusu. Na nikasema "kapteni tukijaliwa tunaomba kitoweo cha mzee". Jamaa akacheka akaniuliza nani amenifundisha.

Kasuku_wa_Kilifi
Uturudie na ripoti usipotee kama wengine wanaokuja kuuliza wanapewa shibe wanalala.

Nax_Kijana
TUMERUDI. Poleni nimechelewa, tumefika Nakuru juzi na network ya kwetu mnaijua. Nitaandika ndefu kwa sababu mnadai.

Jumanne jioni tulienda kuiona boti kama dada alivyosema. Redio iliwashwa nikaisikia inakwaruza, laifjaketi nikahesabu moja moja kama mwalimu, ya mtoto ilikuwa imefifia rangi lakini vifungo vizima. Mzee alizunguka akipiga piga ubao na vidole kama anayenunua ng'ombe. Akamuuliza nahodha chambo ni nini, akaonyeshwa chuchunge, hao samaki wembamba wa mdomo mrefu wa chini, wamepangwa kwenye barafu, na ndoana ishapitishwa ndani yake ukimwangalia huioni. Hapo mzee akanyamaza akakaa chini, nikajua tumemaliza.

Jumatano saa kumi na mbili kasoro tuko majini. Maji kweli ya chai! Bro alikuwa amekunywa vidonge vyake viwili, sawa kabisa, amekula mkate, anapiga selfi. Mimi ndo nilijiona mkubwa nikasema sihitaji. Hata nguzo ya Vasco da Gama ilikuwa bado inaonekana kule nyuma nikaanza kusikia mate. Nesi nisamehe. Nilitapika upande wa kulia, nikatapika upande wa kushoto, baharia mmoja kijana akaniletea ndoo akaniambia "shikilia hii kaka usitembee tembee". Mtoto wangu anarekodi video. Nimeombwa na familia nisiseme hii lakini ukweli ni ukweli.

Tulifika kwenye ule mstari. Kaka Baharia hukudanganya, ni kama mtu ameweka rula, huku kahawia huku buluu, na takataka ndogo ndogo za mto, vijiti na povu, zinaelea pale pale kwenye mpaka. Boti ikapunguza mwendo ikawa inatambaa, mishipi nje, zile fimbo ndefu za ubavuni zimeteremshwa. Tulikuwa tumepanga zamu, mzee, bro, mtoto, mimi wa mwisho (na afadhali).

Karibu saa nzima hakuna kitu. Halafu nahodha juu akapiga mbinja. Nyuma ya chambo cha kushoto kuna kitu cheusi kimetoka majini, chembamba, kama ncha ya jembe. Baharia akampa mzee rodi akamwambia "mzee mwachie, mwachie kabisa, anagonga tu na mdomo, bado hajala, hesabu tano". Nikaona kabisa mshipi unatikisika tok, tok. Na mzee wangu, miaka arobaini ya Naivasha mkononi, akavuta hapo hapo kama ni tilapia. Mshipi ukarudi na chuchunge amekatika nusu.

Hakuna mtu aliongea. Mzee akarudisha rodi akasema "zamu ya mwingine".

Dakika kama ishirini hivi akaja mwingine, ama ni yule yule sijui. Bro akapewa rodi, akaachia, akahesabu kwa sauti na Kikuyu mpaka tano, akakaza. Wasee, ile sauti ya rili! Samaki aliruka nje mzima, akaanguka, akaruka tena, anatembea juu ya maji kwa mkia. Bro akamgeukia mzee, "baba chukua, chukua wewe". Mzee akakataa. Akasema zamu ni zamu, na wewe umehesabu. Bro alipigana naye nusu saa, jasho, amekalia kile kiti amefungwa mkanda, na alipofika ubavuni kwa boti nikasahau tumbo langu. Mgongo buluu ambayo sijawahi kuona, na mistari mbavuni inawaka kama taa, halafu polepole rangi inazimika anakuwa wa shaba. Wakamtia alama. Nahodha akamwita mzee, wakampa glavu, akamshika ule upanga wakati boti inasonga taratibu maji yampite mdomoni apate pumzi. Alimshika mpaka samaki mwenyewe akajinyonganyonga akaenda. Mzee akabaki ameinama anaangalia maji, glavu imelowa.

Baadaye tukiwa tunarudi zamu imezunguka, mtoto alipata sehewa wawili, na mzee akapata nguru. Hapo hakukuwa na kuhesabu, huyo akipiga amepiga. Nahodha akasema kama kilo saba. Kitoweo tulipewa hicho chote! Nimetaka kulipa akakataa, akasema mzee ametulia sana chomboni, wengine wakikosa sulisuli wanamtukana baharia. Niliwapa vijana bahashishi nzuri, na yule wa ndoo nikamwongezea.

mwana_wa_Shella
Mashaallah. Nimesoma mara mbili. Mzee mpe salamu.

Nesi_Halima
Kidonge ni shilingi ngapi lakini 🙄

Baharia_Mstaafu
Huyo alikuwa yule yule. Wakati mwingine hurudi, ana njaa na ushamuonyesha chakula. Kuvuta mapema kila mtu anafanya mara ya kwanza, hata mie. Mwambie mzee aje Agosti, jodari hana mambo ya kuhesabu.

Nax_Kijana
Nimemwambia. Ameuliza Agosti ni tarehe ngapi.

Ciku_wa_Thika
Mimi pia sasa nataka kwenda. Nitumieni jina la boti inbox. Na bado naona samaki angekuwa wake.

Amu_Halisi
Nguru mlimpika vipi?

Nax_Kijana
Kuna mama ana kibanda karibu na tulipolala, alitukatia vipande, akaweka tui la nazi, ukwaju na pilipili, akampaka na kuchoma juu ya makaa. Tulikula na mkate wa mofa mpaka usiku. Vingine tukaweka kwa ile kuulaboksi (Kasuku nilinunua, ile ndogo) vikafika Nakuru vizuri na barafu.

mwana_wa_Shella
Na kichwa?

Nax_Kijana
Kichwa gani?

mwana_wa_Shella
Kichwa cha nguru. Mlikipeleka wapi?

Nax_Kijana
Yule mama aliuliza kama tunakitaka nikamwambia abaki nacho tu, si ni mifupa.

Kasuku_wa_Kilifi
Ooooh 😂😂😂

Baharia_Mstaafu
Ya Rabi.

mwana_wa_Shella
Ndugu yangu. Umelipa elfu hamsini na tano, umetapika pande zote mbili, halafu mchuzi wenyewe umemwachia mama wa kibanda.

Amu_Halisi
Huyo mama saa hizi anawaombea mrudi.